Makaa Mazima ya Mjini, Vipande vya Sité

Msiniambie ni mashine. Neno hilo limenichosha masikio. Jumapili iliyopita nilimfuata kijana mmoja hapa mtaani Hewa Bora mwenye sali ya video, ukumbi wa kuonyeshea filamu, nikamwuliza kwa nini watu wa filamu yake wana nyuso za kijani, na kwa nini nusu ya picha iko kwenye kitambaa na nusu nyingine inatambaa ukutani. Akacheka. "Mzee, ni mashine tu. Siku ingine iko muzuri, siku ingine iko mubaya. Njo vile."

Njo vile, yaani ndivyo ilivyo! Watu wamelipa, wamebanana kwenye mabenchi, yeye anawaambia njo vile. Nilirudi nyumbani hata chai ikanishinda, na binti yangu akaniambia niandike badala ya kugombana na watoto wa watu barabarani. Basi naandika. Mimi si mtu wa shule. Niliikimbia nikiwa na miaka kumi na mmoja, kwa sababu frère, mtawa aliyetufundisha, alinipiga kiboko nilipomwuliza swali moja mara tatu. Nimeoka mikate, nimefyatua matofali, nimepakua mabehewa, nimepika uji wa wagonjwa hospitalini. Kila kazi niliingia ili nione ndani yake kuna nini, na nilipokwisha kuona niliondoka. Sinema peke yake ndiyo iliyonishika miaka mingi, na sinema ilinifundisha jambo moja: mwangaza haujiharibu wenyewe. Picha ikiwa mbaya, kuna mkono. Utafuteni.

Mji huu ulipokuwa bado Élisabethville, filamu ile ile ilikuwa inaonyeshwa mara mbili. Ijumaa mjini, kwa wazungu, katika sali yenye viti vya kitambaa laini na mashine mbili, moja ikimaliza nyingine inapokea, hakuna anayejua. Jumamosi sité, mitaa ya watu weusi, kwetu sisi, ndani ya uwanja uliozungushiwa mabati, ukuta uliopakwa chokaa, na mashine moja tu kuukuu. Gurudumu la filamu likiisha, watu wanakaa gizani wanaimba mpaka nifunge jingine. Mkubwa wa sali zote mbili alikuwa mzungu mmoja tuliyemwita Bwana Nusu, kwa kuwa chochote ulichomwomba, sabuni, mafuta ya mashine, kitambaa cha kufutia, alikupa nusu yake.

Ninyi mnabonyeza kitufe. Taa yetu sisi ilikuwa moto wa kweli. Vijiti viwili vya makaa, unene wa kidole cha mwisho, vinatazamana ndani ya sanduku la chuma. Umeme unaruka kutoka kimoja kwenda kingine, na pale unaporuka unazaliwa mwangaza ambao ukiutazama bila kioo cheusi utalala na mchanga machoni siku mbili. Nyuma yake kuna kioo kikubwa cha duara kinachousukuma mbele. Vijiti vinaungua, vinafupika, na kazi ya fundi ni kuvisogeza muda wote, kidogo kidogo. Vikikaribiana mno, vinakoroma kama mtu mwenye mafua. Vikiachana mno, mwangaza unakuwa wa buluu, unayumba, unakufa. Mwangaza mzuri una rangi ya unga wa mahindi uliotoka kinuni sasa hivi. Neno hilo ni la Papa Kazadi, fundi wa sali ya mjini, aliyenifundisha kazi, mtu wa Kasai, mwembamba, mwenye tai kila siku hata ndani ya kile chumba cha mashine chenye joto la tanuri. Alikuwa ananiambia, "Funga macho, Kaumba. Sikia. Lampe inasema nini?" Nikikosea ananipiga kofi la kisogoni, kisha ananiomba msamaha kwa Kifaransa.

Sasa sikilizeni mkono ulikuwa wapi. Mjini walitumia vijiti vizima. Kijiti kikibaki urefu wa kiganja, kinatolewa, kisije kikazimika katikati ya filamu mbele ya mke wa mkubwa fulani. Vile vipande vilitupwa katika kopo la maziwa ya unga, na kopo likapelekwa sité. Hayo ndiyo yalikuwa makaa yetu. Mabaki. Papa Kazadi alikuwa amevumbua namna ya kuyaunga: unatafuta kipande cha mrija mwembamba wa shaba, unachomeka kipande hiki upande huu na kipande kile upande ule, unaminya kwa koleo. Kinapita. Lakini moto ukifika penye shaba, shaba inayeyuka na kurusha cheche kwenye kile kioo, na kila cheche inaacha doa jeusi lisilotoka kwa siki wala kwa chaki. Mji mzima ulikuwa unakula kutokana na shaba. Sisi shaba ilikuwa inatula macho.

Ndiyo maana wiki moja filamu yetu ilionekana, na wiki nyingine ilikuwa kama mnaangalia watu kupitia chupa ya bia. Ilitegemea kopo limekuja na vipande virefu au vifupi. Watu hawakujua hayo. Walinipigia miluzi mimi. "Operatere! Umelala?" "Operatere, washa koroboi, itazidi hii!" Mama mmoja alinitumia mshumaa, ukapita mkono kwa mkono kutoka mbele mpaka kwangu, uwanja mzima ukicheka. Nilicheka nao. Ndani nilikuwa naungua kuliko makaa.

Sitaki mfikiri kwamba mimi nilikuwa malaika. Wiki yangu ya kwanza peke yangu nilifunga filamu kichwa chini. Askari wakawa wanatembea juu ya mbingu, farasi miguu hewani. Nilipotaka kusimamisha, watu wakapiga kelele niache, eti hii ndiyo filamu bora waliyoletewa mwaka ule. Na msimu wa mvua walipotoka inswa, wale kumbikumbi wenye mabawa, walikuwa wanaufuata mwangaza wa lampe kwa maelfu, wanajaa ukutani, wanaanguka, na watu wanaacha filamu na kuja mbele na masufuria. Mabawa yalinasa kwenye lenzi. Mimi, kwa ujinga, niliyafuta kwa mkono wenye mafuta ya karanga. Miezi miwili kila mtu kwenye filamu alikuwa na ukungu kichwani. Papa Kazadi alipogundua alisema, "Lenzi unafuta na singileti ya zamani ya pamba, ile imefuliwa mpaka imechoka. Na pumzi yako. Mukono yako iko ya kumega bukari." Kosa hilo lilikuwa langu. Nalisema. Lakini makosa ya mtu yana mwisho. Lile kopo halikuwa na mwisho, lilikuja kila Jumamosi.

Sasa nije kwa Mama Ngoie, kwa sababu yeye ndiye aliyenifanya nisiweze tena kucheka.

Alikuwa amepanga katika kiwanja chetu, mlango wa tatu kutoka wangu, amekuja kutoka kambi ya wafanyakazi na mtoto wa kike wa miezi saba mgongoni. Mumewe, Banza, alifanya kazi kwenye matanuri ya kuyeyushia shaba. Siku moja mtungi wa shaba ya moto ulimmwagikia. Kule hospitali walimletea mkewe sanduku lililokwisha kupigiliwa misumari. Aliomba afunguliwe amwone uso, wakamwambia haifai, aondoke. Na nyumba ya kambi ni ya mfanyakazi. Mfanyakazi akifa, mjane anatoka. Alikuwa ameitwa na wakwe zake Kabalo, ampeleke mtoto, na treni yake ilikuwa Jumatatu ya wiki ya pili. Picha ya Banza hakuwa nayo hata moja. Walikuwa wakisema, mwezi ujao tutakwenda kwa mpiga picha. Mnajua mwezi ujao ulivyo.

Kumbe kabla ya ajali kampuni ilikuwa imewaita watu na kamera, wakapiga filamu fupi ya kazi ya matanuri, ya kuonyeshwa kabla ya filamu kubwa. Iliporudi kutoka Ulaya ikiwa tayari, ilipangwa hivi: Jumamosi ianzie kwetu, kwa watu wa kazi yenyewe, Ijumaa ionyeshwe mjini, Jumamosi ya pili, siku mbili kabla ya treni ya Mama Ngoie, irudi kwetu, kisha ipande treni ya Jadotville isirudi tena. Marafiki wa Banza walisema wazi, yeye yumo. Waliambiwa wasiitazame kamera. Yeye aligeuka akaitazama, akavua kofia, akacheka.

Jumamosi ile ya kwanza Mama Ngoie alikaa benchi la mbele. Kopo lilikuwa limekuja na vipande vifupi kuliko wakati wowote. Niliunga vitatu vitatu. Shaba inatema, kioo kimejaa madoa, mimi jasho linaingia machoni. Ukutani wakatokea watu wa moshi. Mmoja akatembea, bega moja chini, na uwanja ukamtambua kwa mwendo. "Banza! Ule ni Banza!" Akageuka. Mahali pa uso palikuwa na kitu kama kitako cha chungu. Kisha akapita.

Watu walipotawanyika Mama Ngoie alikuja kwenye mashine.

"Kaumba. Ju ya nini pa uso yake ulizima lampe?"

"Sikuzima, yaya," nikasema, kama unavyomwita dada mkubwa.

"Mukono niliona. Kofia niliona. Uso ulizima."

"Ni makaa, yaya. Ni mabovu."

"Mjini pia njo beko naona vile?"

Hapo ningeweza kumdanganya. Nilisema, "Hapana. Mjini iko inaonekana."

"Basi beye batamuona," akasema. "Bale hata jina yake habajue."

Jumatatu nilipanda kwa Bwana Nusu, kwenye chumba cha mashine cha mjini, kofia mkononi. Nilimwomba vijiti viwili vizima. Viwili tu, kwa Jumamosi, kwa dakika nane. Nilimweleza habari ya mjane, Kifaransa changu kikijikwaa. Alinisikiliza kwa adabu, na hiyo adabu ndiyo niliyoichukia kuliko matusi. Kisha akasema watu wa sité wanafurahia mwendo na kelele, jicho lao halijazoea mambo madogo madogo ya picha, kwa hiyo vijiti vizima ni kupoteza. Alisema hivyo mbele ya Papa Kazadi, ambaye jicho lake ndilo lililokuwa likimwendeshea sali yake miaka tisa, na ambaye jina lake halikuandikwa popote. Papa Kazadi aliendelea kufuta lenzi. Nilipokuwa nashuka alinifuata mpaka ngazini.

"Ijumaa asubuhi niko najaribu filamu," akasema. "Saa ine. Bwana Nusu anaendaka posta. Ule mama apite na ngazi ya inje, ya chuma. Batakufukuza, unajua?"

"Na weye, Papa?"

"Miye niko na batoto sita. Miye sitaona kintu."

Ijumaa Mama Ngoie akapanda ile ngazi ya nyuma, mtoto mgongoni, amevaa kikwembe, kitenge chake kizuri, na viatu. Chumba cha mashine kina dirisha dogo la kuchungulia, kama la kuungamia. Nilimsimamisha hapo. Chini, sali ya wazungu ilikuwa tupu, viti vyote vimekunjwa. Papa Kazadi akafunga vijiti vizima, akavipigisha, na mwangaza ukaja. Sijui niwaambieje. Mimi mwenyewe kila mara nilikuwa naona aibu nikiuona. Unga mweupe, umetulia, hautikisiki.

Tanuri likatokea, na uliweza kuhesabu matofali yake. Watu wakaja na vyuma vyao virefu, na uliona jasho likishuka shingoni, uliona viraka. Banza akaingia kutoka kushoto, bega moja chini.

"Angaria," Mama Ngoie akasema, na alikuwa anamwambia mtoto. "Angaria shimizi ya baba. Ile kifungo ya tatu haifanane na benzake. Nilishona miye." Akacheka, akaufunika mdomo. "Nilikosa kifungo ya kufanana, akaniambia hakuna muntu ataona!"

Banza akasimama. Mkono ukapanda kwenye kofia. Kichwa kikaanza kugeuka.

Na ghafula kukawa na behewa la mawe.

Mama Ngoie alingoja. Behewa likapita, likaja jingine. "Rudisha," akasema. Papa Kazadi alisimamisha, akarudisha kwa mkono, akaonyesha tena. Kofia, kichwa kinaanza kugeuka, behewa.

Papa Kazadi alinitazama. Nikaenda kwenye filamu, nikaipitisha kati ya kidole gumba na cha shahada mpaka nikafika penye kiungo. Fundi anajua kiungo chake kama mama anavyojua msuko wake kichwani mwa mtoto. Mimi, kabla ya kugundisha, nakwangua filamu pana upande wa kushoto. Kilikuwa changu.

Nawaelezeni, na msije mkafanya. Mashine yetu ya sité ilikuwa na meno yaliyolika, na ilikuwa inatafuna matundu ya pembeni ya filamu. Kila baada ya onyesho nilikuwa naizungusha filamu yote nikipapasa matundu. Nikikuta yameraruka, nakata, nagundisha, naendelea. Jumamosi ile nilikuta pameraruka kama pima mbili. Nilikata. Sikutazama picha. Hatukuwa tunatazama. Tulifundishwa hivyo: fundi hana haja na sura, ana haja na matundu. Ungeweza kumkata mfalme ukamgundisha na mbuzi, mradi matundu yapo sawa.

Na vile vipande havikutupwa. Gundi ya dukani ilikuwa ya mjini, wala hata nusu yake hatukupewa. Kwa hiyo Jumapili nilikuwa nachemsha maji na soda ya kufulia, navitumbukiza vipande, na picha inabanduka kama ngozi ya nyanya. Inabaki plastiki nyeupe, tupu. Hiyo unaikatakata ndani ya kichupa cha ile dawa yenye harufu kali ya rangi ya kucha, inayeyuka, unapata gundi. Kila fundi wa sité alifanya hivyo. Tulijivuna, tulijiona werevu.

Papa Kazadi alianza kusema, "Mama, labda ku serikali balikata, bakonaka na komisio ya kukata filamu ya beusi…" Alikuwa ananiokoa. Na ni kweli tume hiyo ya serikali ilikuwa inakata, tena sana, na uongo huo ungekubalika.

"Ni miye," nikasema.

Mama Ngoie akageuka kutoka dirishani.

"We nini?"

"Ni miye nilikata, yaya. Matundu ilipasuka."

"Ulimukata Banza?"

"Sikujua ni yeye."

"Haukumuangaria?"

"Niliangaria matundu."

Akanyoosha mkono. Makaa yalikuwa yanaendelea kuungua, hakuna aliyekumbuka kuyazima. "Kipande iko wapi?"

"Nilichemsha. Nilitosha picha ju ya gundi."

"Ulimuosha," akasema.

Nikaitazama filamu iliyokuwa mkononi mwangu.

"Miye nilibaomba ku hospitali banipe nimuoshe. Muke wake. Banakatala." Akamsogeza mtoto mgongoni, akafunga kikwembe upya kwa nguvu. "Na weye umemuosha bure, na maji ya moto, haujue ata unaosha nani."

Papa Kazadi ndiye aliyechukua mkasi. Mtu yule, aliyenipiga kofi kwa sababu ya alama moja ya kidole kwenye lenzi, aliufungua mkasi akanipa upande wa mpini, akageuka akatazama ukuta. Nikaishika filamu ya kampuni, nikaitazama dhidi ya mwangaza, picha moja moja, kwa mara ya kwanza katika maisha yangu ya kazi. Zilibaki picha nne kabla ya kiungo changu ambamo kichwa chake kilikuwa kimeanza kugeuka. Shavu, sikio, pembe ya jicho, na mwanzo wa kile kicheko. Nikakata nne hizo, urefu wa kidole, nikampa Mama Ngoie mkononi. Akaziinua mbele ya mwangaza.

"Njo sikio yake," akasema. Hakuniambia asante, na kama angeniambia ningekimbia.

Jioni ile wazungu waliona filamu niliyoiunga upya, yenye kuruka. Papa Kazadi aliniambia baadaye kwamba hakuna hata mmoja aliyegeuza shingo. Mtu wa tanuri alianza kuvua kofia, likaja behewa, wakaendelea kunong'onezana wakingoja filamu kubwa.

Mimi nilifukuzwa mchana wa Ijumaa hiyo hiyo, lakini msifikiri ni kwa sababu ya mkasi. Mkasi Bwana Nusu hakuugundua kamwe. Kila adhuhuri alikuwa anapima vijiti kwa rula ya mbao, na siku hiyo alikuta vimepungua vidole vinne kuliko inavyotakiwa kwa majaribio. Akauliza ni nani. Nilikuwa bado pale na Papa Kazadi, nikasema ni mimi, nimechezea taa. Ningekata sura za watu wote wa Katanga asingesema kitu. Vidole vinne vya makaa ndivyo vilivyonitoa. Mpaka leo nikiwaza hivyo nainuka kitandani.

Papa Kazadi hakusema neno, na simlaumu. Nilizunguka baadaye, nikaendesha sinema Kolwezi, nikaendesha Ndola kwa Waingereza, na kila mji nilikuta kopo lake. Jina tu lilibadilika. Kwa hiyo kijana akiniambia mashine siku ingine iko muzuri, siku ingine iko mubaya, mimi namuuliza: umeifuta lini? Kwa kitambaa gani? Kebo nzuri umempelekea nani? Na wale watu kwenye benchi, umewahi kwenda kukaa nao, ukaona wanachokiona?

Kwa maana mimi sikuwahi, mpaka Jumamosi ile ya pili. Nilikuwa sina kazi, nikalipa kiingilio kama mtu yeyote, nikakaa. Kwenye mashine waliweka mtu wa gereji aliyejifunza kuwasha lampe siku ile ile. Mama Ngoie alikuwa benchi la mbele, nami nikaketi nyuma yake kidogo. Nikamwuliza kwa sauti ya chini kwa nini amekuja, na zile picha nne anazo. Zilikuwa zimefungwa kwenye ncha ya kikwembe chake, fundo dogo, ameshikilia kwa vidole.

"Nimekuja kusikia bantu banamuita," akasema. "Kule Kabalo hakuna mwenye atapiga kelele vile."

Lampe ikawashwa. Mungu wangu. Nilijua ilikuwa mbaya, lakini nilikuwa naitazama kutoka nyuma, penye joto na kelele za mashine, nikishughulika. Kutoka benchi ilikuwa kama mtu amekufunika uso kwa gunia na kukuambia cheka. Wakatokea watu wa moshi. Mmoja akaingia, bega moja chini.

"Banza!" Uwanja mzima. Wanaume walisimama. "Banza, geuka! Banza, tosha kofia!" Walikuwa wanakumbuka, walikuwa wanamngoja. Mkono ukapanda, na likaja behewa.

Kisha miluzi, kisha mabati yakaanza kupigwa kwa miguu. "Operatere! Mwizi! Umeuza Banza! Rudisha!" Mtu wa gereji, maskini, alikuwa ameinua mikono miwili juu, hajui ni nini kilichotokea, na wengine walikuwa wamekwisha kumwendea. Nikainuka. Nilitaka kuwaambia kwa sauti yote niliyokuwa nayo kwamba ni mimi niliyekata, na kwa nini matundu yalipasuka, na lile kopo linatoka wapi, na vijiti vizima viko kwa nani. Nilikuwa nimefungua mdomo.

Mama Ngoie alinishika shati kwa nyuma, akanivuta chini bila kuacha kuutazama ukuta.

"Ikala, Kaumba," akasema. "Unafunikia bantu ukuta. Na mwangaza yenyewe iko kidogo."

Nikakaa.